Maharagwe Madogo Meusi ya Shemeji Yangu

Katika mtaa wetu wa Mabanga, hapa Goma, husemwa kwamba mimi, mtumishi wa serikali mstaafu, niliwalisha kuku mbegu za shemeji yangu aliyekimbia vita. Maneno hayo yamefika kanisani, yamefika sokoni na, kama nitakavyoeleza, yalifika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kabla yangu mimi mwenyewe. Napenda kuyasahihisha kwa maandishi, ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakujua. Kwanza, sifugi kuku. Pili, hakikuwa kikapu kizima. Kilikuwa kiasi cha kujaza sahani mbili. Tatu, hakuna mnyama wala ndege aliyezigusa mbegu hizo. Nilizila mwenyewe, mchana kweupe, kwa uma, bila chumvi, kwa kufuata maagizo ya daktari.

Nilikuwa agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipanda milima ya Rutshuru na Masisi kwa pikipiki, na baadaye kwa miguu, pikipiki ilipochukuliwa na watu wenye silaha ambao hawakuniandikia hata karatasi ya kupokea. Katika milima hiyo nilifundisha jambo moja: shamba moja, mbegu ya aina moja. Wakulima wetu walikuwa na desturi ya kupanda maharagwe ya kila rangi katika shimo moja, kana kwamba wanapika badala ya kulima. Niliipiga vita desturi hiyo kwa mikutano, kwa mabango na kwa ripoti zenye nakala tatu. Ripoti yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilithibitisha kwamba wananchi wa milima ile walikuwa wameacha kabisa kuchanganya mbegu. Nilikwenda nyumbani nikiwa na amani.

Baada ya kustaafu nikaanzisha bustani. Wageni wanaofika Goma hutuambia, kwa furaha ya mtu aliyesoma kitabu kimoja, kwamba tuna bahati ya udongo wa volkeno. Udongo wa volkeno una rutuba, sikatai. Lakini lava iliyotuingilia majumbani volkeno ilipolipuka si udongo. Ni jiwe, na ili ligeuke udongo wa kulimika inapasa kungoja karne kadhaa, ilhali daktari wangu hajanihakikishia hata muongo mmoja. Basi nikavunja lava nyuma ya nyumba kwa mtaimbo, nikachimba mashimo arobaini na mawili, nikayajaza udongo uliobebwa kwa magunia kutoka upande wa Kibumba, pamoja na maganda ya viazi na mbolea ya mbuzi. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta akaniuliza kama nataka kuzika ukoo mzima. Alikuwa hajui kwamba jiwe jeusi hunywa joto la jua mchana kutwa na kulirudisha polepole jioni, hata lenga-lenga, ambao wengine huuita mchicha, ukawa tayari kuchumwa kwangu baada ya wiki tatu, huku wake ukiwa bado unatafakari kama uote au usiote.

Daktari niliyemtaja ndiye aliyenipima akasema tansio yangu, yaani shinikizo la damu, iko juu. Akanikataza chumvi, mishikaki na mafuta mengi ya mawese, akaniagiza maharagwe na majani mabichi kila siku. Nilimweleza kwamba maharagwe, ambayo kila mtu wa Kivu anadhani yalizaliwa hapa pamoja na Adamu, yaliletwa kutoka ng'ambo ya bahari, kama vile viazi na mahindi, na kwamba hata sambaza, dagaa wa ziwa letu, walichukuliwa katika ziwa jingine. Akasema nile tu, asili yake haidhuru.

Agosti ya mwaka uliofuata vita vilishuka tena kutoka upande wa Rutshuru, na barabara ikajaa watu. Miongoni mwao alikuwamo dada mkubwa wa mke wangu. Wote wawili ni wazaliwa wa Butembo, lakini huyu mkubwa aliolewa katika kilima kimoja mbali kule Rutshuru, akabaki huko hata baada ya kufiwa na mumewe. Alitembea siku tatu. Aliacha mbuzi, masufuria, na hata picha yake ya harusi ukutani. Alichobeba kichwani kilikuwa kikapu cha maharagwe kilichofunikwa kitenge.

Mke wangu alimkumbatia dada yake akalia. Mimi, baada ya kumpa pole inavyostahili, nilifunua kitenge. Yalikuwamo ya njano, nyekundu makubwa, meupe, zambarau, yenye michirizi, yenye madoa kama kanga na, katikati ya yote kama kokoto, madogo meusi yenye mikunjo. Ilikuwa kazi yangu ya miaka thelathini, imevurugwa kikapuni.

Nilimuuliza hiyo ilikuwa mbegu ya aina gani.

"Ni maharagwe, shemeji."

"Naona ni maharagwe. Nauliza jina la aina yake."

"Ziko mingi. Nianze na gani?"

Siku zilizofuata zilikuwa za shida. Mgawo wa chakula cha wakimbizi ulichelewa, nasi nyumbani tulikula mihogo asubuhi na jioni. Siku moja mke wangu alimwomba dada yake kopo moja tu la yale maharagwe. Shemeji alikataa, bila ukali, huku mkono wake ukiwa juu ya kikapu.

"Hii haiko chakula," akasema. "Hii njo kwetu."

Akatueleza kwamba hicho ndicho kwao kilichobaki: nyumba yake labda imechomwa, na mbuzi hakika wamekwisha kuliwa. Siku vita vitakapotulia, atarudi na kikapu hiki ndipo awe mtu mwenye shamba. Akirudi bila hicho atakuwa mtu wa kuomba kwenye ardhi yake mwenyewe. Lakini mbegu haikai milele. Ilibidi ipandwe mvua ya Septemba itakapoanza, hata kwa kuazima mahali, ili izae nyingine changa. Nilimpa mashimo yangu arobaini na mawili. Jambo hilo nalo mtaani hawalisemi.

Siku kama kumi kabla ya msimu, shemeji alikwenda Kanyaruchinya kujiandikisha kwenye orodha ya mgawo, na kwa kuwa foleni ilikuwa ya siku mbili alilala huko kwa watu wa kilima chao. Mke wangu naye alikwenda matangani Sake. Nikabaki peke yangu na kikapu.

Naomba nieleweke. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kumpa shemeji yangu zawadi ambayo mtaalamu pekee anaweza kuitoa. Niliweka meza uani, nikavaa miwani, nikachambua punje kwa punje tangu asubuhi hadi alasiri. Nilitenga kila rangi katika kopo lake la maziwa ya unga, makopo sita, na juu ya kila kopo nikabandika karatasi yenye jina kwa mwandiko wangu wa ofisini. Sijui kama msomaji amewahi kuona makopo sita yamepangwa kwa mstari, kila moja likiwa na kitu kimoja tu. Ni furaha ambayo makanisa yanapaswa kuihubiri.

Yalibaki yale madogo meusi. Kwa kanuni za utumishi wetu yalihesabiwa kuwa takataka: hayana umbo, hayana soko, hayana jina katika orodha yoyote niliyowahi kuijaza. Takataka ya mbegu hutupwa. Lakini kutupa chakula katika mji uliojaa wakimbizi ni dhambi, na mimi nilikuwa Mkatoliki kabla ya kuwa agronomu. Niliyaloweka hadi kesho yake, nikamwaga maji ya kulowekea, nikayachemsha kwa moto mkali tangu mwanzo, maana watu wengi hawajui kwamba haragwe lisiloiva vizuri lina sumu ya kumlaza mtu mzima. Nilikula sahani moja mchana pamoja na lenga-lenga. Yalikuwa matamu kuliko maharagwe yote niliyopata kula maishani, na kwa sababu hiyo nikala ya pili.

Shemeji na mke wangu walirudi alasiri iliyofuata, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana langoni. Niliwaongoza hadi mezani, nikasimama pembeni kama mtu anayengoja medali. Shemeji alifungua kopo la kwanza, akatazama, akafunga. Akafungua la pili. Alipofika la sita akainama kutazama chini ya meza.

"Shemeji, ile ndogo ya nyeusi iko wapi?"

Nilianza kumweleza habari za uchambuzi, usafi wa mbegu na viwango vinavyokubalika. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza tena, kwa maneno yaleyale. Nikasema nimeyala.

"Yote?"

"Yalikuwa matamu," nikasema, kwa sababu sijazoea kutoa taarifa isiyo kamili.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye lava, miguu ameinyosha mbele kama mtu aliyefika matangani. Mke wangu ndiye aliyeniambia, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipooana, nikae na mimi nisikilize.

Hapo shemeji akanisomesha, mimi niliyesomesha milima. Alisema ya njano huiva upesi, hulisha watoto wakati wa njaa. Nyekundu hupenda jua. Meupe ni ya kuuza, lakini mvua ikizidi huoza yakiwa bado shambani. Na yale meusi, ambayo hakuna mtu wa soko anayeyatazama, ndiyo husimama mwaka ambao mvua inakataa kukoma na mengine yote yamelala. Ugonjwa ukimkamata mmoja, humkuta jirani yake si wa ukoo mmoja naye, ukachoka njiani. Kiasi cha kila rangi hakikuwa cha ovyo. Mama mkwe wake alimpimia kwa viganja siku alipoingia katika nyumba ile kama bibi harusi, naye mama mkwe alipimiwa na mkwewe. Kila mavuno walitazama mwaka umekuwaje, wakaongeza hapa, wakapunguza pale.

"Weye umechukua vitabu," akasema, "umetoa herufi zote, umepanga A na A, B na B. Halafu umekula Z."

Nilisema tu kwamba kwa mtazamo wa kitaalamu hoja hiyo ina uzito. Mke wangu akaniomba ninyamaze.

Jioni ile niliitwa mezani. Mbele yangu palikuwa na makopo manne ya maziwa. Kopo moja lilikuwa na ugali, la pili sombe, yaani kisamvu, la tatu sambaza watano, la nne maji. Kila kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa: Ugali. Sombe. Sambaza. Maji. Mke wangu alisema katika nyumba hii sasa tunaheshimu utaratibu. Nilikula hivyo kwa siku nne. Siku ya tatu nilijaribu kuchovya ugali katika kopo la sombe. Akanikumbusha kwamba nachanganya.

Mvua ilikuwa imebakiza siku chache, na bila meusi shemeji alikataa kupanda. Alisema afadhali aonje aibu ya kuomba kuliko kupanda kilema. Akaniambia kwamba kambini yuko mama mmoja mzee wa kilima chao, ambaye labda aliokoa mchanganyiko wake. Akaongeza kwamba mbegu haiendewi na aliyepotewa. Huendewa na aliyeipoteza. Basi Jumamosi nikavaa koti na tai, nikachukua mkoba wangu wa ofisini, tukapanda pikipiki mbili hadi Kanyaruchinya.

Nilitaraji kujitambulisha. Haikuwa lazima. Tulipofika kwenye safu ya vibanda vya watu wa kilima chao, wanawake watatu waliokuwa wakichota maji waliweka madumu chini.

"Ni huyu?" mmoja akamuuliza shemeji.

"Ni yeye."

"Mbona amevaa tai? Anakuya kukula tena?"

Mwingine akasema wafungie sufuria, agronomu amefika. Wa tatu akaniuliza kwa upole mkubwa kama kuku wangu hawajambo. Nilimweleza kwamba sifugi kuku. Wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo ya kibanda, na kibanda chenyewe kikatikisika.

Yule mama mzee alitupokea akiwa ameketi kwenye dumu tupu mlangoni pa hema lake la turubai. Alinitazama muda mrefu, tangu tai hadi viatu, kisha akasema ananijua. Nilikuwa nikipita kwao na pikipiki nyekundu, nikiwakusanya chini ya kilima na kuwasomea karatasi juu ya mbegu ya aina moja. Nilifurahi. Nilimwambia kwamba kilima chao kilikuwa mfano katika ripoti zangu, kwa kuwa nilipokagua mashamba yao nilikuta mbegu safi tupu.

Wanawake wakatazamana.

"Papa agronomu," akasema mama mzee, "pikipiki yako ilikuwa inapitaka wapi?"

"Barabarani."

"Njo pale tulikuwa tunapandaka yako. Yetu ilikuwa nyuma ya kilima."

Kwa miaka yote ile walikuwa wakipanda mistari michache ya mbegu yangu kando ya barabara, wakiipalilia wiki niliyotarajiwa, na kuila nikishaondoka. Kilichowapa taarifa kwamba naja ni mlio wa pikipiki yenyewe. Nilipoanza kwenda kwa miguu, waliongeza mtu wa kukaa njia panda. Nilikumbuka ripoti zangu, nakala tatu kila moja, zenye mhuri. Nimewahi kuishi kwenye vita kadhaa na mlipuko wa volkeno, lakini sijui kama nimewahi kuhisi ardhi ikisogea kama siku ile, mbele ya wanawake wanaojifuta machozi kwa pembe za vitenge.

Niliuliza kwa nini hawakuniambia kwamba mbegu yangu haiwafai. Akasema nilikuwa kijana, nimetoka mbali, na nilikuwa nikijitahidi sana.

Ndipo nikamwomba. Sikujua namna ya kuomba, kwa sababu katika utumishi wangu mbegu ilitolewa kutoka juu kwenda chini, kwa bono, yaani hati ya kutolea mali. Shemeji alinipa kikapu kitupu, akanionyesha kwa macho nikishike kwa mikono miwili na nisiseme mengi. Nikasema nimeharibu mbegu ya ndugu yangu, namwomba ile ndogo ya nyeusi.

Mama mzee aliingia hemani. Alirudi na fundo la kitambaa lisilozidi ukubwa wa embe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hicho ndicho alichokuwa nacho chote, na hamu yoyote ya kucheka ikaniisha, hata kabla ya kuwaisha wale wengine. Alifungua fundo mapajani, akayachambua yale meusi katikati ya mengine, moja moja, kwa vidole vilivyojua kazi kuliko miwani yangu. Alijaza kiganja kimoja. Akakitazama, akarudisha punje chache kwenye fundo, akanimwagia zilizobaki kikapuni.

Nikafungua mkoba ili nimwandikie karatasi ya kupokea: idadi, aina, na ahadi ya kurudisha maradufu baada ya mavuno, kama ilivyo desturi yao.

"Karatasi ya nini?" akasema. "Maharagwe haisomake. Utarudisha kiganja mbili. Na usipime na ya kwako, iko ndogo. Upime na yangu."

Tulipanda siku ya tatu baada ya mvua ya kwanza. Shemeji alimwaga makopo yangu sita kwenye mkeka, akaongeza kiganja cha mama mzee, akachanganya macho yakiwa nusu yamefumba, akionja uzito kwa mikono, akirudisha njano kidogo, akiongeza nyekundu. Nilimletea mizani. Akaniomba niirudishe ndani. Kila shimo alipanda punje nne, nami nilifukia; zilizobaki alizirudisha kikapuni. Majani yalipokomaa kidogo tulichuma machache tukayapika, maana jani la haragwe ni mboga nzuri sana, ingawa ukichuma kwa uchoyo mmea unakosa nguvu ya kuzaa. Na niliwaonyesha majirani mizizi yenye vinundu vidogo, ambavyo si ugonjwa bali ndivyo vinavyolisha udongo. Yule jirani wa ukutani alisema kumbe maiti zangu zinaota vizuri.

Msomaji huenda anangoja kusikia kwamba mvua ilizidi mwaka ule, mengine yakaoza, meusi yakatuokoa. Kwa kuwa ninalinda kumbukumbu, nasema haikuwa hivyo. Mvua ilikuwa ya kawaida kabisa. Kila rangi ilizaa, na meusi yalizaa kidogo kuliko zote. Nilimjulisha shemeji matokeo hayo, kwa heshima lakini kwa uwazi. Akasema mwaka mmoja si miaka, na akaweka akiba ya meusi kwanza, kabla ya mengine yote. Vile viganja viwili nilivipeleka Kanyaruchinya mwenyewe. Mama mzee alivipima kwa mkono wake, akasema havijapungua, akanipa uji.

Mnamo Februari, upande wao ukatulia, na shemeji akasema anarudi mapema, awahi kupanda msimu wa pili. Mke wangu alimwambia asubiri kidogo. Akajibu kwamba mbegu ina siku zake, wala haiulizi habari za redio. Nilijitolea kumsindikiza hadi mahali magari ya Rutshuru yanapopakia. Nilibeba godoro alilopewa kambini, ndoo mbili na jembe jipya, nikiwa nimelowa jasho ndani ya koti langu. Tulipofika, gari lilikuwa limeshawashwa, na yeye alikuwa bado na kikapu kichwani, kimejaa hadi ukingoni. Nilinyoosha mikono nimpokee kikapu ili apande kwanza.

Alinitazama, akapanda nacho.

"Hapana, shemeji," akasema kutoka juu. "Weye lete godoro. Godoro haikuliwake."